Njia za panya za moyo wa baba

Video yenyewe ni fupi, sekunde kumi na kitu, nyeusi na nyeupe, haina sauti. Unaona kivuli cha kifua, mbavu zimepita kama mistari, halafu ghafla dawa inamwagwa kwenye mshipa wa kushoto wa moyo na mti mzima unajichora palepale, shina, matawi, vitawi, vyote vinarukaruka kila moyo unapodunda. Upande wa kulia hakuna kitu, peupe kabisa. Daktari akasema "subirini", tukasubiri, mimi na dada yangu tumekodolea macho kompyuta yake, na baada ya kama sekunde mbili hivi vikaanza kutokea vijimstari vyembamba vimejisokota kama waya wa simu za zamani, kimoja, viwili, sita, vikatambaa kutoka kushoto kwenda kulia, na ule mshipa wa kulia ambao tulishaambiwa umeziba asilimia mia ukajaa dawa. Ila ulijaa kinyumenyume, kutoka mkiani kuja kichwani.

"Mmeona?" daktari akasema. "Mzee wenu ana njia za panya."

Sasa niseme tulifikaje pale. Baba alikuwa analalamika kifua kinabana akipanda ngazi, akisimama kinaachia, akipanda tena kinabana. Karibu mwaka mzima. Kuna mahali tulikwenda mwanzoni tukaambiwa ni gesi, akapewa dawa za gesi, akanywa zikaisha, kifua kikaendelea na mambo yake. Mpaka tunafika kwenye angiogramu (ndo hicho kipimo cha kumwaga dawa kwenye mishipa ya moyo na kuipiga picha) mimi nilikuwa najiandaa kusikia kwamba moyo umeharibika, maana mshipa mmoja kati ya ile mitatu mikubwa kuziba kabisa si ndo hati ataki yenyewe? Kumbe hajawahi kupata hata moja. Ule msuli wa moyo uliokuwa unategemea mshipa wa kulia ulikuwa hai, unadunda, unakula chakula cha jirani.

Nikamuuliza daktari, hii mishipa imeota mipya au ilikuwepo siku zote? Akacheka. "Yote mawili, ila zaidi ilikuwepo." Jibu hilo halikunipa usingizi, nimekaa nalo wiki kadhaa nasoma mpaka macho yanauma, na haya ndo niliyoyaelewa.

Kwanza hii, kwa sababu hata mimi nilikuwa nakosea: moyo haujichotei damu inayopita ndani ya vyumba vyake. Damu yote ile inapita tu, kama dereva wa lori la mafuta ambaye tenki lake mwenyewe linajazwa kwa bomba lingine. Moyo unalishwa na mishipa yake maalum, ateri za koronari, zinazochomoza mwanzoni kabisa mwa mshipa mkuu unaotoka moyoni na kuuvaa moyo kwa nje halafu kuzama ndani ya msuli. Mtu akiwa amepumzika moyo unasukuma kama lita 5 kwa dakika, na katika hizo wenyewe unajibakizia robo lita hivi. Na ni mlaji mkali. Viungo vingine vikipitiwa na damu vinachukua sehemu ndogo tu ya oksijeni, moyo unachukua kama asilimia 70 hata ukiwa umelala. Maana yake ni kwamba hauna akiba ya kukwangua, ukihitaji oksijeni zaidi lazima damu yenyewe iongezeke, hakuna namna nyingine. Ndo maana baba akikaa yuko sawa na akipanda ngazi kifua kinamshika.

Na seli za msuli wa moyo zikifa hazirudi kirahisi. Kuna watafiti wa Sweden mwaka 2009 walipima umri wa seli hizi kwa kutumia kaboni iliyosambaa hewani enzi za majaribio ya mabomu ya nyuklia (watu wana akili jamani), wakakuta kijana wa miaka 25 anabadilisha kama asilimia 1 ya seli hizo kwa mwaka, na mzee hata nusu ya hapo haifiki. Kwa hiyo mshipa ukiziba ghafla, dakika 20 tu hivi msuli unaanza kufa, kuanzia tabaka la ndani kabisa kuja nje, na saa zikisonga eneo linatanuka. Mbio kati ya kifo na damu. Na njia za panya hazichongwi kwa dakika 20.

Hapa ndo penye ule utata ambao ulinichanganya sana mwanzoni. Mtu mwenye mshipa ulioziba pole pole kwa miaka anaweza akawa salama kuliko mtu ambaye mshipa wake umebanwa nusu tu, hana dalili yoyote, anapiga mazoezi, halafu siku moja lile tuta la mafuta ukutani linapasuka, damu inaganda juu yake, mshipa unafungwa ndani ya dakika chache. Huyu wa pili moyo wake haukuwahi kupata sababu ya kutengeneza njia nyingine. Wa kwanza alipewa muda. Baba alipewa muda.

Kwamba mishipa ina tabia hii si jambo geni. Richard Lower, daktari Mwingereza, aliandika mwaka 1669 kwamba ukiingiza maji kwenye mshipa mmoja wa moyo yanasambaa mpaka kwenye mwingine, yaani mishipa inashikana. Miaka zaidi ya 100 baadaye anakuja John Hunter, daktari wa upasuaji wa London, na kisa kinachosimuliwa mpaka leo: alifunga mshipa unaopeleka damu kwenye pembe changa ya kulungu (pembe zao zikiwa zinaota zina damu na joto), pembe ikapoa kama alivyotarajia, halafu baada ya siku kadhaa akaishika tena akakuta ina joto. Alipochunguza akaona vimishipa vidogo vya pembeni vimenenepa vimechukua kazi. Desemba 1785 akafunga mshipa wa paja wa mgonjwa aliyekuwa na uvimbe wa mshipa nyuma ya goti, kwa imani hiyo hiyo kwamba pembeni patafunguka, na mguu ukapona. Kinachonikaa moyoni kuhusu Hunter, tena neno moyoni hapa lina maana zote, ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa na hii hii ya kifua kubana. Alikuwa akisema maisha yake yapo mikononi mwa mpuuzi yeyote atakayeamua kumuudhi. Mwaka 1793 alibishana kwenye mkutano hospitalini, akatoka nje ya chumba, akafa. Walipompasua wakakuta mishipa ya moyo wake imekuwa migumu kama mfupa. Mtu aliyezitegemea njia za pembeni kuokoa mguu wa mwingine, zake hazikutosha.

Baada ya hapo sayansi ikarudi nyuma kidogo, maana Julius Cohnheim wa Ujerumani mwaka 1881 alishikilia kwamba ateri za moyo ni za mwisho, hazishikani na jirani, ukifunga moja eneo lake linakufa basi. Na Cohnheim alikuwa mtu mzito, akisema kitu kinakaa. Ilibidi wapite watu wengi wa kumwaga rangi na dawa za eksirei kwenye mioyo ya marehemu, hasa William Fulton miaka ya 1960, ndo ikakubalika kwamba hata moyo mzima usio na ugonjwa una vijinjia vya kuunganisha mshipa na mshipa. Vyembamba mno, lakini vipo.

Sasa vinageukaje kuwa mishipa ya maana? Nilikuwa nadhani ni kitu kimoja, kumbe ni viwili, na vinachanganywa kila mahali hata kwenye magazeti.

Cha kwanza ndo kile cha kuota mipya, wanakiita anjiojenesisi. Seli zikikosa oksijeni kuna protini inaitwa HIF ambayo siku zote inatengenezwa na kuvunjwa, inatengenezwa na kuvunjwa, na kinachoivunja kinahitaji oksijeni. Oksijeni ikipungua haivunjwi tena, inarundikana, inaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni kadhaa, mojawapo inatoa kemikali inaitwa VEGF ambayo ni kama mbiu ya njaa. (Waliogundua haya, Semenza, Ratcliffe na Kaelin, walipewa Nobel mwaka 2019.) Kapilari ya jirani, yaani kimishipa kidogo kuliko vyote, ikisikia mbiu, seli moja ya ukutani inajitokeza mbele, inatoa vidole vyembamba vya kupapasa inapotoka harufu, nyingine zinajipanga nyuma yake zikigawanyika, na kichipukizi kinasonga mpaka kinakutana na kichipukizi kingine. Kapilari mpya hiyo. Kwa kweli nilisoma hapo nikasema basi, siri nimeipata.

Hapana. Kapilari ni nyembamba kiasi kwamba seli nyekundu zinapita moja moja kwa foleni, nyingine zinajikunja ili zipite. Na sheria ya mabomba haina huruma: bomba likipungua kipenyo kwa nusu, kinachopita hakipungui kwa nusu, kinabaki sehemu 1 kati ya 16. Kwa hiyo ota kapilari elfu moja, kama bomba kubwa la kuleta damu limeziba bado una shida, ni kama kuongeza mipira ya kumwagilia bustani wakati koki ya barabarani imefungwa. Kapilari zinagawa damu iliyofika. Hazileti damu.

Kinacholeta ni cha pili, ateriojenesisi, na hiki ndo kilichomuokoa baba. Chukua vile vijinjia vya Fulton. Siku za kawaida havina kazi kwa sababu presha kushoto na presha kulia ziko sawa, na damu kama maji haitembei pasipo na mteremko. Mshipa wa kulia ukianza kubanwa sana, presha upande ule inashuka, na ghafla kuna mteremko. Damu inaanza kukimbia kwenye kijinjia ambacho hakijazoea, inasugua kuta. Seli za ukutani zinausikia msuguano (kweli zinausikia, zina vihisio vya kazi hiyo), zinatoa vinasio na kuita seli nyeupe za damu aina ya monosaiti, hizi zinajipachika, zinapenya ukutani, zinamwaga vimeng'enya vya kubomoa ukuta wa zamani na kemikali za kukuza ukuta mpya, seli za msuli laini zinaanza kugawanyika. Mshipa unapanuka mara kadhaa. Unarefuka pia, na kwa kuwa ncha zote mbili zimefungwa hauna pa kwenda, unajikunja. Zile spirali za waya wa simu tulizoziona kwenye skrini ndo hizo. Jambo dogo tu lakini nilipolielewa nilimpigia dada usiku kumwambia, akaniuliza kama niko sawa.

Vitu viwili kwenye hii habari vinanishangaza mpaka leo. Kimoja, si njaa inayokuza hiyo mishipa mikubwa. Njaa iko kule chini kwenye msuli, mshipa unakuzwa huku juu ambako oksijeni ipo ya kutosha, kinachoukuza ni mwendo wa damu. Kingine, hao monosaiti wanaojenga njia ya pembeni ni wale wale wanaoshiriki kujenga tuta la mafuta lililoziba njia kuu. Fundi mmoja, anabomoa huku anajenga kule. Hapo hapo ukielewa utaelewa kwa nini kutengeneza dawa ya kukuza mishipa hii ni kazi ngumu, unaweza ukampa fundi nguvu akaenda kuzitumia upande usioutaka.

Mengi ya haya yalifumbuliwa na Wolfgang Schaper na wenzake kule Bad Nauheim, Ujerumani, kwa miaka mingi ya kubana mishipa ya wanyama pole pole. Na wanyama hawafanani. Simbilisi, ukifunga mshipa wake wa moyo hapati hata kidonda, ana njia za pembeni tele tangu kuzaliwa. Mbwa anazo za wastani. Nguruwe karibu hana. Binadamu? Binadamu ni bahati nasibu. Kundi la Christian Seiler kule Bern, Uswisi, lilipima kwa namna ambayo ukiisikia unashtuka: wanapitisha katheta, yaani mrija mwembamba, wanapuliza kiputo kidogo ndani ya ateri kuifunga kabisa kwa dakika moja hivi, na waya wenye kipimo unasoma presha iliyobaki ng'ambo ya kiputo. Presha hiyo haiwezi kuwa imetoka popote ila pembeni. Wakakuta hata kwa watu ambao mishipa yao ni mizima, karibu 1 kati ya 4 au 5 ana njia za kutosha kiasi kwamba mshipa ukifungwa kwa muda ule mfupi kipimo cha umeme wa moyo hakioneshi dalili ya njaa. Waliobaki hawana hiyo bima. Na hujui uko kundi gani mpaka upimwe. Uchambuzi mkubwa uliotoka mwaka 2012, ukijumlisha tafiti kadhaa, ulionesha wagonjwa wa moyo wenye njia nzuri za pembeni hatari yao ya kufa ilikuwa chini kwa asilimia 36 kuliko wenye hafifu.

Bila shaka watu walijaribu kuzilazimisha. Claude Beck wa Cleveland kuanzia miaka ya 1930 alikuwa anafungua kifua, anaukwaruza moyo kwa nje na kuunyunyizia unga, wa mfupa na baadaye wa asbesto, ndiyo asbesto ile ile, ili utando unaoufunika moyo uvimbe na ushikane nao halafu mishipa ivuke. Wengine wakaja na wazo la kufunga mishipa miwili ya ndani ya kifua ili damu ikikosa pa kwenda igeukie moyoni, operesheni ndogo, wagonjwa wakatoka wanasifu, maumivu yamepungua, wanatembea. Mwaka 1959 Leonard Cobb na wenzake wa Seattle wakafanya jambo ambalo leo sidhani kama lingeruhusiwa kirahisi: wagonjwa 17, wote wakachanwa ngozi, 8 wakafungwa mishipa na 9 wakashonwa tu bila kufungwa chochote, hawakuambiwa. Matokeo? Waliochanwa bure walijisikia nafuu sawa na wenzao. Operesheni ile ikafa.

Na usidhani tumekuwa wajanja zaidi tangu hapo. VEGF ilipopatikana watu wakasema sasa tutaimwaga moyoni. Jaribio kubwa la mwaka 2003, wagonjwa 178, baada ya siku 60 waliopewa VEGF walitembea muda mrefu zaidi kwenye mashine ya mazoezi, na waliopewa maji matupu nao vile vile. Mimi sishangai sana, maana walipiga mbiu ya kapilari wakati tatizo lilikuwa bomba. Hilo ni langu, wataalam wana sababu nyingine pia, dozi, muda na kadhalika.

Kitu kilichoonesha dalili nzuri ni cha kawaida mpaka kinaudhi: kuutumia mwili. William Heberden, yule aliyeieleza angina, yaani hii ya kifua kubana, kitabibu kwa mara ya kwanza karne ya 18, aliandika kuhusu mgonjwa mmoja aliyejipangia kukata kuni kwa msumeno nusu saa kila siku na akakaribia kupona. Mgonjwa mmoja si ushahidi, najua. Lakini mwaka 2016 Wajerumani walichukua wagonjwa wa mishipa ya moyo, wakawafanyisha mazoezi makali ya kusimamiwa kwa wiki 4, wakapima kwa kile kiputo kabla na baada, na mtiririko wa pembeni ukaongezeka kwa karibu asilimia 40, huku kundi lisilofanya mazoezi likibaki pale pale. Inaendana na ile habari ya msuguano, moyo ukienda mbio damu inakimbia zaidi kwenye vijinjia, kuta zinasikia, fundi anaitwa. (Ya kusimamiwa, nimesema. Baba aliposikia hapo alitaka kuanza kukimbia kesho yake.)

Kuna ule msemo, michepuko sio dili. Kwa moyo ni dili, ila dili lenye masharti. Njia za baba zinatosha akiwa amekaa, hazitoshi kwenye ngazi, kwa sababu hata zikikomaa haziwezi kubeba kile ambacho mshipa halisi ungebeba. Na kuna sharti lingine ambalo daktari alilisema polepole akimwangalia dada yangu: sasa mshipa wa kushoto unalisha nyumba mbili. Ukipata shida huo, zinalala njaa zote mbili kwa mpigo.

Kwa hiyo wanataka kumzibulia ule wa kulia. Na namna wanavyotaka kufanya, kama wakishindwa kupita kwa mbele, ni kupitisha waya mwembamba kama unywele kutoka mshipa wa kushoto, ndani ya moja ya zile spirali, mpaka upande wa pili, waje watoboe kizibo kwa nyuma. Yaani wapite njia ya panya.

Baba alisikiliza mpaka mwisho akauliza swali moja. "Mkishazibua, hizi zangu zinaenda wapi?"

"Zinanywea, mzee," daktari akamjibu. "Presha ikishakuwa sawa pande zote hazina tena kazi."

Akanyamaza kidogo, akaomba aoneshwe tena ile video. Dawa ikamwagwa kushoto, mti ukajichora, kulia peupe, na baba akawa anahesabu kwa sauti ya chini, moja, mbili.

"Hizo hapo," akasema.

Akaniambia nimwekee kwenye simu yake kabla ya siku ya operesheni.